Mke wangu anadhani nina mwanamke mwingine, kumbe pesa zinaishia kwenye dawa

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe. Nina umri wa miaka 41, nina mke na watoto watatu. Mshahara wangu ni mdogo lakini unaingia kila mwezi. Nakuandikia kwa sababu nimebanwa kila upande na sina wa kumwambia.

Mwaka jana niliugua sonona. Haikuwa mara ya kwanza. Nilipokuwa kijana iliwahi kunipata, sikutibiwa, ikaondoka yenyewe baada ya muda mrefu. Safari hii ikakataa kuondoka. Nilikuwa naamka saa tisa usiku nakodolea dari mpaka kunakucha, na asubuhi kufunga tu vifungo vya shati ilikuwa kazi. Ofisini nilikuwa nasoma barua moja tena na tena bila kuielewa. Nikaenda kwa daktari wa magonjwa ya akili peke yangu. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kupima presha.

Daktari aliniandikia venlafaksini, kapsuli ya kumeza mara moja kwa siku. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kupata usingizi. Halafu nikaanza kusikia ladha ya chakula. Siku moja nilijikuta nacheka na watoto, nikagundua nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu sana. Dawa ilinisaidia, Shangazi, hilo silikatai.

Tatizo ni bei. Daktari aliandika jina la kampuni iliyoitengeneza kwanza, nami nanunua hiyohiyo. Bima yangu haiigharimii. Kila mwezi inakula sehemu kubwa ya kile kinachobaki tukishalipa kodi na ada za watoto. Kwa hiyo nimeanza kuruka: leo nameza, kesho naacha, ili pakiti moja inifikishe mbali. Siku ninayoacha napata kizunguzungu, jasho jingi na ndoto za ajabu, na nikigeuza macho ghafla nahisi kama shoti ya umeme inapita kichwani. Najiuliza, ndiyo nimeshakuwa teja? Au ugonjwa unarudi?

Kapsuli nazificha ndani ya kasha la miwani. Mke wangu hajui lolote. Anachojua ni kwamba pesa hazionekani, na kwamba chumbani sina hamu kama zamani. Hilo la pili lilianza baada ya dawa, na naona aibu hata kuliandika. Ameshapekua simu yangu. Usiku mmoja alikaa kitandani, akaniangalia, akaniuliza: "Anaitwa nani?" Nilikosa jibu. Nikimwambia ukweli atajua ameolewa na mtu wa dawa za akili, na ndugu zake watajua kesho yake.

Kuna mwenzangu kazini anatumia amitriptilini. Anasema ni rahisi mno na yuko tayari kunigawia. Pia nimeona mtu anauza dawa yangu mtandaoni kwa bei ya chini sana. Na kuna hili, ingawa sidhani kama linahusiana: mgongo ukinisumbua nanunua tramadoli dukani.

Juzi usiku lilinijia wazo kwamba familia ingepumua kama nisingekuwepo. Sikukaa nalo, nililala.

Je, niache dawa kabisa ili pesa irudi nyumbani? Au nimwambie mke wangu na nikubali yatakayofuata?

Ni mimi, Niliyebanwa

---

Marahaba mwanangu,

Nitaanza na mistari ambayo umeiandika mwishoni na haraka. Umesema ulifikiri familia ingepumua kama usingekuwepo, ukalala. Nimefurahi kwamba ulilala. Lakini sitalipita wazo hilo kama ulivyolipita wewe, kwa sababu limekuja kipindi ambacho unameza dawa siku moja na kuiacha siku nyingine. Siku za kuanza dawa hizi, kubadili dozi au kuzipunguza ndizo ambazo mtu anapaswa kuangaliwa kwa karibu. Wazo hilo likirudi, na hasa likija na namna ya kulitekeleza, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu usiku huohuo, au mwamshe aliyelala pembeni yako umwambie neno moja tu: siko salama. Hata kama halijarudi, daktari wako anapaswa kulisikia, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi.

La pili nalo halingoji. Unadhani tramadoli haihusiani na haya, na watu wengi wangedhani hivyo. Inahusiana sana. Venlafaksini hufanya kazi kwa kuongeza serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe. Tramadoli ni dawa ya maumivu, lakini nayo huongeza serotonini. Zikikutana zinaweza kuifikisha serotonini kwenye kiwango cha sumu: mwili unatetemeka, misuli inakakamaa, moyo unakwenda mbio, jasho, homa, kuharisha, kuchanganyikiwa. Pamoja na hayo, mchanganyiko huo unaongeza uwezekano wa kupata degedege. Ukiona dalili hizo baada ya kuzimeza zote mbili, hiyo ni hali ya kukimbizwa hospitali. Dawa za mgongo kama ibuprofeni na diklofenaki zina shida yake, kwani zikitumiwa pamoja na dawa yako huongeza uwezekano wa kuvuja damu, hasa tumboni. Mwulize mfamasia kuhusu parasetamoli, na mweleze kila unachomeza. Kama tramadoli umeitumia karibu kila siku kwa muda mrefu, hiyo nayo haikatwi ghafla. Mwambie daktari akupangie namna ya kuiacha.

Sasa turudi kwenye kilichokufanya uandike. Nikikusoma naona una dawa iliyokurudishia usingizi na kicheko, pesa isiyotosha kuinunua, na siri inayomfanya mkeo aijaze nafasi tupu kwa jina la mwanamke asiyekuwepo. Umeyafunga yote kwenye swali moja: niache au niseme? Mimi sioni kama ni swali moja. Unaweza kusema na kuendelea na dawa. Unaweza kubaki na siri yako na bado ukalipa pungufu ya unacholipa leo. Na kuacha dawa hakutamjibu mkeo swali alilokuuliza kitandani.

Niruhusu nikae kidogo kwenye hili la kuruka siku, kwa sababu naona ndilo linalokutesa zaidi kuliko unavyolihesabu. Venlafaksini hutoka mwilini upesi. Nusu yake huondoka ndani ya takriban saa 5, na zao lake, yaani kile ambacho mwili huigeuza dawa kuwa na kinachoendelea kufanya kazi, hupungua kwa nusu ndani ya takriban saa 11. Kapsuli ya kumeza mara moja kwa siku imetengenezwa iachie dawa polepole ili ikufikishe kesho. Keshokutwa haiifikii. Kwa hiyo kila unaporuka, ubongo wako unashushwa ghafla, halafu unapandishwa, halafu unashushwa tena. Kizunguzungu, jasho, ndoto za ajabu na hiyo shoti ya umeme ukigeuza macho ni dalili zinazojulikana vizuri za kukatisha dawa za kundi hili, na venlafaksini ni miongoni mwa zinazoongoza kwa kuzileta.

Umeuliza kama umekuwa teja. Teja hutamani kitu, huongeza kiwango kila mara, hukifuata ingawa kinamharibia maisha. Wewe unafanya kinyume, unaikwepa dawa. Mwili wako umeizoea, na mwili ulioizoea dawa huilalamikia ikiondolewa ghafla. Hilo ni kweli na si dogo, ila ni jambo jingine.

Je, ni ugonjwa unaorudi? Mara nyingi muda ndio unaotofautisha. Dalili za kukatisha huja ndani ya siku moja au chache baada ya kuacha, huja na mambo ya mwilini kama hiyo shoti, na hutulia upesi dawa ikirudi. Sonona kwa kawaida hurudi polepole, kwa wiki au miezi: usingizi unaanza kukatika, mambo yanapoteza ladha, barua ya ofisini inaanza tena kukataa kueleweka. Lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, na wazo lako la juzi usiku linanifanya nisilione suala hili kuwa jepesi. Ndiyo maana nataka daktari ajue kwamba umekuwa ukiruka. Asipojua, atadhani dozi haitoshi, ataiongeza, na wewe utalipa zaidi.

Kuacha kabisa nako ni njia, siwezi kukuambia haipo. Dawa hizi si lazima ziwe za maisha. Ila kuna muda wa kuacha na namna ya kuacha. Mwongozo wa kawaida ni kuendelea kwa angalau miezi 6 baada ya kujisikia umepona, na kwa mtu ambaye ugonjwa umeshamrudia, kama wewe, madaktari wengi hushauri muda mrefu zaidi, pengine miaka 2. Ukiacha mapema, uwezekano wa kurudi ulikokuwa ni mkubwa, na ukirudi huko gharama yake haitakuwa ya dawa peke yake. Fikiria pia kazi yako. Muda ukifika, dozi hushushwa kwa ngazi, kwa wiki na wakati mwingine miezi. Kapsuli za venlafaksini hutengenezwa za miligramu 37.5, 75 na 150, na daktari anaweza kuzitumia kama vituo vya kushukia. Usizitafune wala kuziponda, maana dawa iliyokusudiwa kukutosha siku nzima itaingia yote kwa mkupuo.

Kuhusu pesa, nakuuliza kwa upole: daktari wako anajua? Barua yako nzima haina mahali umesema ulimwambia. Wagonjwa wengi humweleza daktari habari za usingizi, za choo, hata za chumbani, lakini neno "sina uwezo" linawakwama kooni. Naielewa aibu hiyo. Hata hivyo, bei ni habari ya kitabibu kama ilivyo presha, kwa sababu dawa isiyonunulika haimezwi, na isiyomezwa haitibu. Daktari aliyeandika jina la kampuni huenda aliandika kwa mazoea tu.

Venlafaksini si dawa mpya. Marekani iliidhinishwa mwaka 1993, na hataza, yaani haki ya kampuni iliyoibuni kuitengeneza peke yake, ilishakwisha muda wake. Maana yake viwanda vingine vinaruhusiwa kuitengeneza, na hizo ndizo dawa jeneriki: kiambato kilekile, kipimo kilekile, na kabla ya kusajiliwa hutakiwa kuonyesha kwamba zinaingia kwenye damu kwa kiwango na kasi inayokaribiana sana na ile ya kwanza. Mara nyingi tofauti ya bei ni kubwa. Mwombe daktari aandike jina la dawa, si la kampuni. Ukibadili, angalia kwamba nayo ni ya kuachia polepole, kisha ujitahidi kubaki na mtengenezaji mmoja. Kama ukijisikia tofauti, sema. Mwulize pia mfamasia kuhusu nguvu za kapsuli, kwa kuwa kapsuli moja ya 150 inaweza kugharimu pungufu ya mbili za 75, na mahali pengine ni kinyume chake. Mwulize bei ya kununua ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Ingawa hapo, mwanangu, kwa kipindi hiki ambacho wazo lile limepita kichwani mwako, nisingependa uwe na akiba kubwa ya dawa ndani ya nyumba. Liongeleeni hilo na daktari.

Njia nyingine ni kuhamia dawa tofauti iliyo rahisi. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, hataza yake huko ikaisha mwaka 2001, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ina sifa moja ambayo ingekufaa: hukaa mwilini muda mrefu, yenyewe kwa siku kadhaa na zao lake kwa wiki moja au zaidi, kwa hiyo kusahau siku moja hakumwangushi mtu. Hasara ni kwamba hakuna anayeweza kukuahidi itakusaidia kama hii iliyokusaidia. Utahitaji wiki 4 hadi 6 kujua, na kuhama kwenyewe kunahitaji mpango. Kuna watu wanaohama vizuri kabisa. Kuna wengine wanaojuta kuiacha dawa iliyokuwa inawafaa. Wewe ndiye unayejua kama familia na kazi yako vinaweza kustahimili mwezi mmoja wa kusubiri, au kama jeneriki ya dawa yako ikipatikana itakutosha.

Amitriptilini ya mwenzako, hapana. Ni dawa nzuri kwa anayeandikiwa, na ni kweli haina gharama kubwa. Lakini ukiichanganya na yako unarudi kwenye hatari ileile ya serotonini, na unaongeza ya mapigo ya moyo kwenda mrama. Ikizidi kiwango huua, na hata vidonge vichache vinaweza kumwua mtoto. Una watoto watatu na unaficha dawa kwenye kasha la miwani, kitu ambacho mtoto yeyote hupenda kukichezea. Hata venlafaksini yako itafutie mahali pa juu penye kufuli, leo.

Muuzaji wa mtandaoni naye simwamini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba huwa duni au bandia. Bei iliyoshuka mno, bila cheti cha daktari na bila mfamasia wa kuulizwa, haikuambii kilichomo ndani ya kapsuli.

Sijakusikia ukitaja tiba ya mazungumzo, na nashangaa kama kuna aliyekutajia. Kwa sonona isiyo kali inaweza kutosha peke yake. Kwa iliyo nzito, ikiunganishwa na dawa mara nyingi husaidia kuliko kimoja kati ya hivyo. Inaweza kuwa na gharama yake, lakini kuna inayofanyika kwa vikundi, na anayetoa huduma hiyo si lazima awe daktari. Wapo wauguzi na washauri nasaha waliofunzwa. Tena inaweza kukupunguzia uwezekano wa kuugua tena utakapofika wakati wa kuiacha dawa.

Halafu mkeo.

Umeandika kwamba akijua, atajua ameolewa na mtu wa dawa za akili. Nimesoma sentensi hiyo nikajiuliza, ni yeye aliyewahi kusema hivyo, au ni wewe unayejisemea kwa mdomo wake? Barua yako haionyeshi mwanamke anayekudharau. Inaonyesha mwanamke aliyeona pesa zinapotea, hamu inapotea, uongo wa presha pengine anaunusa, akaunganisha kama ambavyo wengi wangeunganisha. Kwa sasa analala na maumivu ya kuachwa na mtu ambaye hajamwacha.

Hiyo haimaanishi hofu yako haina msingi. Wapo wenzi wanaolipokea neno sonona vibaya, wakalitumia kwenye ugomvi, au wakalipeleka kwa ndugu. Wewe unamjua, mimi simjui. Lakini kuficha kunakuja na hatari zake, na hizo umeanza kuzilipia. Na kama jibu la "anaitwa nani" litakuja siku ambayo yeye mwenyewe amelikuta kasha la miwani, utakuwa umepoteza nafasi ya kulieleza kwa maneno yako.

Kati ya kunyamaza na kusema yote kuna mahali pa kusimama. Unaweza kuanza na kipande kimoja: "Hakuna mwanamke. Niliugua, natibiwa, na dawa ni ghali. Naogopa kukwambia zaidi kwa sababu naogopa wengine wakijua." Hapo umejibu swali lake na umemwambia kinachokutisha, kabla hajakifanya. Au unaweza kumwomba aje kliniki siku moja, daktari akiwa na ruhusa yako amweleze, maana baadhi ya maneno hupokelewa vizuri yakitoka kwa mtu wa tatu. Au uanze na mtu mwingine unayemwamini, ujizoeze kulitamka. Wakati wake ni wako kuuchagua, ila usichague usiku wa ugomvi.

La chumbani mwambie pia, ukiweza, kwa kuwa ndilo linalomuumiza kimya kimya. Kupungua kwa hamu au kuchelewa kufika ni madhara ya kawaida ya kundi hili la dawa, na sonona yenyewe hufanya hivyohivyo. Si ushahidi dhidi yake wala dhidi yako. Daktari ana la kufanya hapo: kupitia upya dozi, au kufikiria dawa kama mirtazapini au bupropioni ambazo huleta shida hiyo kwa uchache. Usinunue za kuongeza nguvu kienyeji. Venlafaksini inaweza kupandisha presha, na presha yako sasa inahitaji kupimwa kweli.

Usingoje tarehe yako ya kliniki. Omba kuonana na daktari wiki hii. Kuanzia sasa mpaka umwone usiongeze kuruka, na kabla ya kurudia dozi ya kila siku mpigie yeye au mfamasia, umweleze umeruka vipi na kwa muda gani. Siku hiyo chukua pakiti yenyewe, na ile ya tramadoli, na stakabadhi ya dukani yenye bei. Mwekee mezani, umwambie neno la pesa kabla hajakuuliza unalalaje.

Shangazi yako